Pampu Nafuu ya Bustani: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Kamati nyingi za parokia zikishamaliza kujenga tangi la maji ya mvua huuliza: sasa tununue pampu gani? Swali ni zuri, ila mara nyingi hujibiwa dukani kabla ya kwenda bustanini na futi ya kupimia. Mwisho wake fedha za kikundi huishia kwenye injini inayolala stoo, huku akina mama wakiendelea kubeba ndoo. Katika toleo hili tunapenda kueleza namna ya kuchagua pampu inayolingana na kazi yenyewe.

Tuchukue mfano wa bustani ya mboga ya mita 10 kwa 10 mkoani Dodoma, ambako kuanzia Mei hadi Oktoba mvua ni ya nadra. Kikundi kina tangi la chini ya ardhi la lita 20,000.

Kwanza, kiasi cha maji. Wakati wa kiangazi mboga huhitaji takriban lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Bustani hii basi inahitaji lita 500, na tangi litatosha siku 40. Pampu inayotoa lita 20 tu kwa dakika humaliza kazi ya siku kwa dakika 25. Pampu kubwa zaidi haiongezi mboga. Huongeza gharama na kumaliza akiba mapema.

Pili, kimo. Pimeni kutoka chini ya tangi hadi mahali maji yanapopelekwa. Pampu inayokaa juu ya maji hufyonza, na kufyonza kuna kikomo: usawa wa bahari ni kama mita 7, na Dodoma, iliyo juu kwa takriban mita 1,100, ni kama mita 6. Injini yenye nguvu haibadilishi jambo hili, kwa kuwa kinachosukuma maji kupanda bombani ni uzito wa hewa. Hivyo pampu iwekwe karibu na maji.

Baada ya kupima, chagueni kwa kuanza na kilicho rahisi:

1. Mpira peke yake. Ikiwa tangi liko juu kuliko bustani, maji yatateremka yenyewe. Hapo msinunue pampu.

2. Pampu ya kukanyaga kwa miguu. Ilienea Bangladesh katika miaka ya 1980. Nchini Kenya ilitengenezwa na shirika la ApproTEC, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1991 na ambalo sasa linaitwa KickStart. Haihitaji mafuta. Mtu mzima mwenye nguvu za kawaida anaweza kupandisha lita 1,000 kwa kimo cha mita 5 kwa takriban nusu saa.

3. Pampu ndogo ya umeme wa jua, inayozamishwa majini. Inafaa pale ambapo wanakikundi ni wazee au wachache. Hakikisheni kwanza kwamba yupo fundi wa karibu, na kwamba paneli itakuwa salama dhidi ya wezi.

4. Injini ya petroli. Inafaa mashamba makubwa. Kamwe isishushwe wala kuwashwa ndani ya tangi au kisima: moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua kwa muda mfupi.

Pampu yoyote ya kufyonza ihitaji mpira mgumu usiobonyea, viungo visivyopitisha hewa, na vali ya chini yenye chujio. Pampu ikikataa kuvuta, mara nyingi ni hewa inayoingia kwenye kiungo, si pampu mbovu.

Ushauri wetu wa mwisho ni juu ya bajeti. Kamati zinapoandika maombi, zisiweke bei ya pampu peke yake. Waongeze mpira, chujio, washa za akiba na ujira wa fundi. Nanyi wafadhili wetu, mkiona mistari hiyo midogo kwenye maombi, msiikate. Washa moja iliyokosekana mwezi Agosti hutosha kukausha bustani nzima, ilhali tangi bado lina maji.