Maskini Mmoja Apewe Zaka Kiasi Gani?

Mafaqihi wamekhitalifiana katika suala hili. Wahanafi wamekirihisha kumpa kiwango cha nisabu mtu mmoja asiye na deni wala wategemezi. Wamaliki na Wahanbali wamesema apewe cha kumtosha mwaka. Ama katika madhehebu yetu ya Shafi, Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika al-Majmu' kuwa fakiri hupewa cha kumtoa katika uhitaji: fundi apewe cha kununulia zana, na mfanyabiashara apewe mtaji.

Hekima ya kauli hii yaonekana hata katika misaada isiyokuwa zaka. Huko Rarieda, magharibi mwa Kenya, mwaka 2011 na 2012 shirika la GiveDirectly lilizipa familia fukara za vijijini fedha kwa njia ya simu, bila ya masharti. Watafiti walikuta kuwa familia hizo zilikula vizuri zaidi, zikaongeza mifugo na kuezeka mabati mahali pa nyasi. Wala matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Waliopokea kwa mkupuo walipata zaidi mali za kudumu. Waliopokea kila mwezi walipata zaidi uhakika wa chakula.

Basi tuzingatie. Zaka ni haki ya fakiri, na akishaipokea ni milki yake. Sarafu chache tunazogawa mlangoni humrudisha mlangoni Ramadhani ijayo. Tunaona ni bora kamati za misikiti zianze na familia chache, zipewe za kutosha mbuzi, cherehani au mbegu.

Wallahu a'lam.