Mashine ya Misumari Midogo: Yafaa Kununuliwa kwa Kiinua Mgongo?

Askari mafundi wanaokaribia kuvua sare hutuuliza kama mashine ya betri ya kupigilia misumari midogo yastahili fedha zao za kustaafu. Tumeitazama ikifanya kazi karakanani, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Msumari wake hauna kichwa, na unene wake ni kama milimita 0.6 tu. Ukizama katika pambo la mlango au ukingo wa kabati, tundu lake jicho hulipata kwa shida, ilhali nyundo hupasua ubao mwembamba na kuacha kovu. Lakini msumari huo haubebi uzito. Kazi yake ni kushikilia ubao mpaka gundi ikauke. Anayeutegemea bila gundi atarudishiwa kabati lake.

Mashine ya hewa ni nyepesi zaidi mkononi, ila yadai kompresa na mpira mrefu. Ya betri yaingia hata nyumba isiyo na umeme, mradi betri imejazwa.

Kwenye mvule mkavu, jaribuni kwanza katika kipande cha kutupwa. Msumari huweza kupinda, ukafuata nyuzi za mti na kutokea ubavuni, penye vidole. Na kabla ya kuchomoa uliokwama, ondoeni betri, kama mtoavyo magazini kabla ya kusafisha bunduki.

Mwenye oda za makabati kila mwezi, na anunue. Anayeunda vitanda na madawati, fedha hizo zitamfaa zaidi katika randa nzuri na jiliwa.