Vina Katika Mashairi

Mtu aanzaye kutunga mashairi ya Kiswahili aghalabu hudhani kwamba kupata vina ni kazi nyepesi, kwa kuwa maneno karibu yote ya lugha hii huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Lakini kina si irabu peke yake. Ni silabi nzima ya mwisho. Maneno "shamba" na "kahawa" yote mawili huishia kwa a, walakini hayana kina kimoja. Wenziwe "shamba" ni "nyumba", "pamba" na "mwamba". Wenziwe "kahawa" ni "dawa" na "sawa".

Katika shairi la mistari minne kwa kila ubeti, mstari una mizani 16, nao hugawanyika vipande viwili vya mizani 8. Mistari mitatu ya kwanza hulingana kwa kina cha kati na kwa kina cha mwisho. Sheria hizi Kaluta Amri Abedi alizieleza katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1954. Utenzi nao wadai subira zaidi: kina cha mstari wa nne hurudi katika kila ubeti, hata zikiwa beti 100.

Maneno hayo yatoke wapi? Kwanza, katika vitenzi. "Panda" hugeuka "apande" na "hapandi", na hivyo mtungaji amepata vina vitatu. Tena vitenzi vya kutendwa, kama "pewa" na "uziwa", humtosheleza aimbaye habari za kahawa. Pili, katika mpango wa maneno. "Mvua imenyesha shambani leo" yaweza kuwa "leo shambani mvua imenyesha", au "leo mvua imenyesha shambani". Kina kimebadilika, maana haikubadilika. Tatu, katika maneno yenye maana moja, kama "fedha", "pesa" na "hela", na katika lahaja: huko Lamu "moja" ni "moya", na "kuja" ni "kuya".

Hatari iko hapa. Tuseme mfugaji anatunga shairi la kuwahimiza wenziwe waogeshe ng'ombe kwa dawa ya kupe. Akitafuta kina cha "ng'ombe" atapata "pembe", "ujumbe", "jembe" na "pombe". "Ujumbe" wafaa, na "pembe" pia. Lakini akiingiza "pombe" kwa ajili ya kujaza nafasi tu, msomaji atauliza ni nani aliyelewa, na habari ya kupe itasahauliwa. Vina vitakuwa vimetimia, na ng'ombe watazidi kufa.

Washairi wa zamani waliujua mtihani huu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, alitumia mashairi kusema juu ya siasa na vita vya mji wake. Katika kujibizana, mara nyingi mshairi huvifuata vina vya mwenziwe, na huku hoja zikabaki zake mwenyewe.

Kwa hiyo yafaa mtungaji aandike kwanza kwa maneno ya kawaida jambo analotaka kusema. Kisha akusanye maneno yahusuyo jambo hilo, ayapange kwa silabi zake za mwisho, na achague kina chenye maneno mengi ya kufaa. Mwishowe asome kwa sauti. Akikosa neno, na abadili kina, asibadili ukweli.