Antinori: Mila Bila Minyororo

Mwaka 1385 Giovanni di Piero Antinori alijiunga na chama cha wauza mvinyo mjini Florence, Italia. Tangu hapo ukoo wake umerithishana kazi hiyo kwa vizazi 26. Zamani kanuni za Chianti zililazimisha zabibu nyeupe zichanganywe hata katika mvinyo mwekundu. Piero Antinori hakuridhika. Mwaka 1971 mvinyo wake wa Tignanello uliacha jina la Chianti, ukauzwa kama mvinyo wa kawaida wa mezani. Kufikia 1975 zabibu nyeupe zilikwisha kuondolewa kabisa. Leo Tignanello inasifika duniani. Naye Piero, asiye na mtoto wa kiume, amewarithisha kazi binti zake watatu: Albiera, Allegra na Alessia.

Wahenga walinena, mwacha mila ni mtumwa. Antinori waliacha kanuni. Mila wanayo bado.