Muanda: Ndege wa mikoko watazamwa, miti yao yakatwa

Huko Muanda, jimboni Kongo Central, siku ya kutazama ndege huanza alfajiri. Karibu na mikoko, pale mto Congo unapoingia katika bahari ya Atlantiki, muongozaji huzima mota ya mtumbwi. Maji yakipwa, ndege wenye miguu mirefu hushuka kwenye tope kutafuta kaa na samaki. Juu ya miti, tai mvuvi anangoja zamu yake.

Hifadhi hii iliundwa mwaka 1992, na tangu 1996 inalindwa pia na mkataba wa Ramsar. Hata hivyo, mikoko inakatwa kwa ajili ya makala na kuni za kukaushia samaki. Miti ikiisha, samaki wachanga wanakosa maficho. Ndege wataruka kwenda kwingine. Mvuvi atabaki na wavu mtupu.