Neno la Mtu kama Chanzo cha Maarifa: Falsafa ya Kihindi, Falsafa ya Kimagharibi, na Mfano wa Elwak

Elwak ni mji ulioko katika Kaunti ya Mandera, kwenye njia itokayo Wajir kwenda Mandera, karibu sana na mpaka wa Kenya na Somalia. Jina lake hufasiriwa kuwa ni visima vya Mungu: ceel kwa Kisomali ni kisima, na Waaq ni jina la kale la Mungu miongoni mwa Waoromo na Wasomali. Katika nchi hiyo mvua hainyeshi pote kwa pamoja. Huweza kulilowesha bonde moja na kuliacha la jirani likiwa vumbi tupu. Kwa hiyo, kabla ya kuhamisha mifugo, wafugaji humtuma mtu kutangulia kutafuta malisho na maji, kazi ambayo Wasomali huiita sahan. Mtu huyo akirudi na kusema kwamba kumenyesha mahali fulani, ngamia hutolewa na safari huanza. Mwenye ngamia hakuiona mvua wala majani. Alicho nacho ni neno la mtu tu, na neno hilo likiwa si kweli, mifugo itafia njiani. Je, mwenye ngamia huyo anajua kwamba kuna malisho, au anadhani tu?

Swali hili ni miongoni mwa matatizo makuu ya falsafa, na ni mahali ambapo Wahindi na Wamagharibi walifuata njia mbalimbali kwa muda mrefu. Wahindi walilianza mapema. Katika Nyaya-sutra, kitabu kinachonasibishwa na Gautama, vyanzo vya maarifa, yaani pramana, vimetajwa kuwa vinne: kuona na kuhisi, kukisia kwa dalili, kulinganisha, na neno la mtu wa kuaminika. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali ili avielewe. Asemaye kwamba dalili ya mvua ni mawingu anazungumzia chanzo cha pili. Asemaye kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, anakigusa cha nne, ingawa methali hiyo ni karimu mno kwa wasemaji. Kuhusu kulinganisha, Wahindi walitoa mfano wa mtu wa mjini aliyeambiwa na mkaa msituni kwamba kuna mnyama afananaye na ng'ombe, aitwaye gavaya. Akaingia msituni, akamwona, akajua kuwa ndiye. Hata hapo, ujuzi wake ulianzia katika neno la mtu mwingine.

Si Wahindi wote waliokubali hesabu hiyo. Wafuasi wa Charvaka, kwa jinsi wapinzani wao wanavyowaeleza, waliamini kuona peke yake. Dignaga na Dharmakirti, wanafalsafa wa Kibuddha, walikubali kuona na kukisia tu. Kwao, kumsadiki msemaji ni namna ya kukisia kutokana na maneno yake. Wananyaya walijibu kwamba asikiaye neno na kulielewa hakai akipima tabia ya msemaji ndipo asadiki. Hujua moja kwa moja, isipokuwa kama kuna jambo la kumtia shaka. Ubishi huu haukuisha upesi. Katika karne ya 14 Gangesha aliandika kitabu chenye sehemu nne, moja kwa kila chanzo, na ya mwisho aliitenga kwa ajili ya neno.

Ulaya mambo yalikuwa tofauti. Plato, katika Theaetetus, anatoa mfano wa mahakimu walioshawishiwa na msemaji hodari wakaamua sawa juu ya tukio ambalo ni aliyelishuhudia tu angeweza kulijua: wana rai ya kweli, lakini hawana maarifa. Locke naye alishikilia kwamba rai za watu wengine, hata zikiwa za kweli, hazimwongezei mtu ujuzi kwa kuzunguka tu kichwani mwake. Hume, mwaka 1748, alisema kwamba twawasadiki watu kwa sababu tu tumekwisha kuona mara nyingi kuwa maneno yao yanalingana na mambo yalivyo. Hapo akamtaja mwana wa mfalme wa Kihindi aliyekataa kusadiki habari za kwanza za kuganda kwa maji, akasema kwamba mtu huyo alifikiri sawasawa. Mfano huo unaidhuru hoja ya Hume kuliko alivyotambua, maana mtu alifikiri sawasawa na akabaki bila kujua. Thomas Reid, mwaka 1764, alikuwa karibu zaidi na Wananyaya: aliona kwamba binadamu ameumbwa na mwelekeo wa kusema kweli na mwelekeo wa kusadiki, na kwamba mtoto asiyesadiki kwanza hawezi kujifunza lolote, hata lugha ya kutilia shaka. Ni katika karne ya 20 ndipo Wamagharibi walipolirudia jambo hili kwa bidii, na Bimal Krishna Matilal, aliyefundisha Oxford hadi alipofariki mwaka 1991, alikuwa miongoni mwa waliowaonyesha kwamba Wahindi walikwisha kulichimba.

Huko Elwak tatizo hili halikuishia kwenye malisho. Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliamuru Wakenya wa asili ya Kisomali wahakikiwe upya, na waliokubaliwa wakapewa kadi maalumu za rangi ya waridi. Kwa miaka mingi baadaye, kijana wa kaunti hizi za mpakani aliyeomba kitambulisho alipaswa kufika mbele ya kamati ya wazee na maofisa wa serikali. Mzee alisema, huyu ni mwana wa fulani, kwao ni mahali fulani. Neno hilo ndilo lililomfanya kijana awe raia katika daftari au abaki nje. Utaratibu huo wa pekee ulifutwa kwa tangazo la Rais William Ruto mjini Wajir, Februari 2025.

Waliouona ushahidi wa mdomo kuwa duni walidhani kwamba cheti ni kitu cha jamii nyingine kabisa. Sivyo. Cheti cha kuzaliwa ni neno la karani ambaye mara nyingi hakuwapo mtoto alipozaliwa, naye ameandika aliloambiwa. Mwombaji mwenyewe hakushuhudia kuzaliwa kwake. Augustine alikwisha kueleza kwamba wazazi wake aliwajua kwa kuwa aliambiwa tu, na hakuona sababu ya kulitilia shaka jambo hilo. Tofauti kati ya mzee na karatasi, basi, si ile iliyopo kati ya dhana na yakini. Ni kati ya neno lililoandikwa na lisiloandikwa.

Linalobaki ni kuuliza neno la nani lisadikiwe, na hapa Vatsyayana, mfasiri wa kale wa Nyaya-sutra, ana la kufaa. Mtu wa kuaminika, kwa maelezo yake, ni yule alijuaye jambo lenyewe moja kwa moja na aliye na nia ya kulieleza kama alivyolijua. Akaongeza kwamba kipimo hicho ni kimoja kwa mwonaji mtakatifu, kwa mtu wa kabila bora, na kwa mgeni anayedharauliwa. Kwa kipimo hicho uhakiki ulikuwa na kasoro mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kwamba ulitia shaka watu kwa mahali walipozaliwa na kabila lao, mambo ambayo hayamo katika sifa za msema kweli wala za mwongo. Ya pili hutajwa mara chache: katika nchi ambamo koo hushindania visima na viti vya uchaguzi, mzee wa kamati aweza kuijua nyumba ya kijana vizuri kabisa na bado akawa na sababu ya kunyamaza. Mtu wa sahan hana sababu hiyo, kwa kuwa ngamia wake nao wamo katika kundi linalohama.