Lugha ya nyanya iwekwe katika bajeti ya nyumba

Desemba iliyopita nilimpeleka binti yangu, mwenye umri wa miaka 12, kumwamkua nyanya yake nyumbani kwetu karibu na mji wa Litein, Kaunti ya Kericho. Tulipofika, mama alitandika kitambaa mezani, akatoa kikombe ambacho huwekwa kabatini kwa ajili ya wageni, akammiminia mtoto chai na kumsogezea kiti. Wakati huo huo wajukuu wengine, watoto wa ndugu zangu wanaoishi pale nyumbani, walikuwa wakitumwa huku na huku: huyu akateke maji, yule akafungue ndama, mwingine alete kuni. Binti yangu aliifurahia sana heshima ile. Mimi haikunipendeza. Nilipomuuliza mama ni kwa nini hakumtuma mjukuu wake kazi hata moja, alinijibu kwa Kipsigis, tena kwa utulivu: "Nitamtuma kwa lugha gani?"

Msomaji mpendwa, swali hilo lilinichoma kwa sababu kazi yangu ni kufundisha isimu katika chuo kikuu. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya wanafunzi na kuwaeleza jinsi lugha zinavyozaliwa, zinavyokua na zinavyokufa. Kumbe maradhi niliyokuwa nikiyaeleza ubaoni yalikuwa yamekwisha kuingia sebuleni mwangu.

Marehemu baba yangu alikuwa mkulima wa majani chai na mtu wa mipango. Alikuwa na daftari ambamo aliandika kilo alizopeleka kituoni kila siku, malipo ya kila mwezi, na bonasi iliyolipwa mwisho wa mwaka wa mauzo. Kabla bonasi haijafika, ilikuwa imekwisha kugawanywa kwenye kurasa zile: karo ya huyu, mbolea, mabati, dawa ya ng'ombe. Mimi pia nina daftari langu. Lina karo, mkopo wa nyumba, bima na nauli. Katika daftari la baba lugha haikuandikwa popote, kwa kuwa haikuhitaji kuandikwa. Tuliipata pamoja na mursik, bila gharama. Katika daftari langu vilevile haikuandikwa, lakini kwa sababu nilisahau kwamba zama zimebadilika na kwamba sasa inahitaji fungu lake.

Hebu tutazame mbali kidogo, katika nchi ambayo huenda msomaji asiitarajie. Ireland ni miongoni mwa mataifa yanayokunywa chai nyingi zaidi duniani kwa kila mtu, na sehemu kubwa ya chai hiyo hutoka Afrika Mashariki. Hivyo basi yawezekana kabisa kwamba majani yaliyochumwa na mama yangu yamechemshwa katika jikoni za Waairishi. Lakini si chai peke yake inayotuunganisha nao. Wao walitutangulia katika njia tunayoifuata leo, na yafaa tuwaulize walifika wapi.

Katika karne ya 19, mtoto wa Kiairishi alining'inizwa kijiti shingoni. Kila aliponena neno la lugha ya mama yake, kijiti kilitiwa alama, na jioni alipigwa kulingana na idadi ya alama hizo. Wasomaji wa umri wangu hawahitaji kuelezwa zaidi. Nasi tulivishwa kipande cha ubao kilichotungwa kwenye uzi, tukakipokezana siku nzima kama ugonjwa wa kuambukiza, na aliyekutwa nacho jioni alikiona cha mtema kuni. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliyaeleza mambo hayo mwaka 1986 katika kitabu chake Decolonising the Mind. Jambo linalosahauliwa ni kwamba huko Ireland wazazi wengi waliiunga mkono adhabu hiyo. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Mzazi aliyejua kwamba mwanawe atakwenda Marekani au Uingereza kutafuta riziki aliona ni heri amfundishe Kiingereza. Haikuwa chuki; ulikuwa mpango wa nyumba. Nani kati yetu anayeweza kumhukumu, ilhali sisi tunafanya hesabu iyo hiyo?

Matokeo yake ni haya. Sensa ya mwaka 1851 ilihesabu wasemaji wa Kiairishi takriban milioni 1.5. Kufikia sensa ya 1891, miaka 40 tu baadaye, walikuwa wamebaki takriban 680,000. Wako wanaoniambia kwamba Kipsigis hakiwezi kufa kwa sababu sensa yetu ya 2019 ilihesabu Wakipsigis wapatao milioni 1.9, na redio zinatangaza kwa Kikalenjin mchana kutwa. Nawasihi wazitazame tena takwimu hizo za Ireland. Wingi wa watu haukuiokoa lugha yao wazazi walipoacha kuwarithisha watoto.

Fauka ya hayo, serikali ya Ireland haikukaa kimya baada ya uhuru wa 1922. Kiairishi kilifanywa somo la lazima shuleni. Katiba ya 1937 ilikitangaza kuwa lugha rasmi ya kwanza, na mwaka 2007 kikawa lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Katika sensa ya 2022, watu wapatao milioni 1.87 walisema wanaweza kukizungumza. Lakini walipoulizwa ni nani anayekizungumza kila siku nje ya masomo, waliojitokeza walikuwa takriban 72,000 tu. Hapo ndipo lilipo funzo kubwa kwa walimu wenzangu. Shule inaweza kumpa mtoto lugha ya kujibia mtihani. Lugha ya kutumwa maji hupatikana nyumbani.

Kwetu Kenya, Tume ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali ikuze na kulinda lugha za wananchi. Hayo ni mema. Lakini mwalimu wa Nakuru mwenye wanafunzi wa makabila kumi darasani atafundisha lugha ya nani? Maadamu familia nyingi zinaishi mijini, mzigo huu hauwezi kutwikwa shule pekee.

Najua kuna pingamizi. Mke wangu ni Mmaragoli kutoka Vihiga. Tulipooana tulikubaliana kwamba Kiswahili na Kiingereza vitatosha nyumbani ili asiwepo atakayejihisi kutengwa. Aidha, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, wazazi wengi waliiogopa lugha ya kabila kana kwamba ndiyo iliyoshika panga. La hasha! Ukabila ni kumnyima jirani haki yake, na unaweza kufanywa kwa lugha yoyote, hata kwa Kiingereza safi. Mimi nakipenda Kiswahili na ndicho ninachoandikia makala haya. Lakini mtoto anayejua lugha nne hamdhulumu mtu yeyote, mradi mgeni akiingia sote tuhamie lugha anayoielewa.

Je, tufanye nini? Waairishi wana desturi moja inayofaa kuigwa. Kila kiangazi maelfu ya watoto wao hupelekwa katika maeneo yaitwayo Gaeltacht, ambako Kiairishi kingali kikizungumzwa, wakaishi wiki kadhaa katika nyumba za wenyeji. Wazazi hulipia, kwa hiyo jambo hilo huwekwa katika bajeti mapema. Sisi tuna bahati kuwashinda: hatuhitaji kukodi nyumba ya mtu, kwani nyanya bado yupo, na chumba kipo.

Mwezi wa Januari mimi na mke wangu tuliketi na daftari. Tulitenga nauli ya watoto kwenda Litein likizo ya Aprili na ya Agosti, na ya kwenda Vihiga Desemba. Tuliafikiana kwamba chakula cha jioni kitakuwa cha Kipsigis siku tatu na cha Kilogooli siku tatu, na Jumapili ni ya wote. Simu ya nyanya haipokewi tena na mimi kwanza. Si rahisi. Mara nyingi mimi mwenyewe hukwama nikitafuta neno, na watoto hucheka. Wenye Kiswahili kama lugha ya kwanza huona taabu, kwani Kipsigis si lugha ya Kibantu; hakina ngeli za kuwaongoza. Mtoto ni lakwet, watoto ni lagok, na wingi wa nomino nyingi lazima ukaririwe mmoja mmoja.

Lakini kuna furaha pia. Binti yangu aligundua kwamba jina lake lina maana. Kiprotich na Cherotich ni waliozaliwa ng'ombe wakirejea zizini. Kipkemoi na Chepkemoi, waliozaliwa usiku. Amelibeba mojawapo ya majina hayo kwa miaka 12 kama barua asiyoweza kuisoma.

Kwenu wanafunzi, msingoje kuanzishiwa na wazazi. Ulizeni maana ya majina yenu leo. Kwenu walimu, mpeni mtoto zoezi ambalo hawezi kulijibu bila kuzungumza na mzee wake. Mchai usipochumwa kila baada ya siku chache hurefuka ukawa mti, na majani yake yasiwafae wachumaji. Lugha nayo ni hivyo hivyo. Haihitaji sherehe, yahitaji mkono wa kila siku. Udongo uwahi ungali maji.

Agosti tulirudi Litein. Tulipoingia uani mama hakutandika kitambaa. Alimtazama binti yangu, akamwelekeza kwa Kipsigis penye mtungi na njia ya mtoni. Mtoto alisita kidogo, akauliza swali moja lenye makosa mawili ya sarufi, akasahihishwa, akaondoka na binamu zake. Sikuwahi kufurahi hivyo kumwona mwanangu akinyimwa kiti.